Nchi Inadai Nini, Inadaiwa Nini: Jinsi ya Kusoma Nafasi Halisi ya Uwekezaji wa Kimataifa

Kila serikali inapouza Yurobondi, yaani bondi ya fedha za kigeni inayouzwa kwenye soko la nje, au kampuni ya kigeni inapoongeza hisa zake katika kampuni ya Nairobi, maswali huja yaleyale kuhusu hesabu ya kile nchi inachodai na kudaiwa nje. Je, hesabu hii ndiyo deni la taifa? Mbona Marekani ina hasi ya matrilioni ya dola na bado watu wanaikopesha? Pesa anazotuma binamu yangu aliye Dallas zimeandikwa wapi? Wanaouliza ni wanafunzi wa uchumi wa mwaka wa kwanza, waandishi wa habari wanaoanza kazi, na wanachama wa vyama vya uwekezaji ambao sasa wananunua bondi za serikali na wanataka kuielewa nchi wanayoikopesha. Mwongozo huu ni wao.

Jina kamili la hesabu hiyo ni nafasi halisi ya uwekezaji wa kimataifa. Hapa nitasema nafasi halisi tu. Ukifuata hatua zote utaweza kuchukua jedwali la nchi yoyote na kueleza hali yake bila kutishwa na alama ya kutoa iliyo mbele ya namba. Alama hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Wanaiona, wanahukumu, na hawalifungui jedwali lenyewe, ilhali habari yote imo ndani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jedwali la nafasi ya uwekezaji wa kimataifa. La Kenya hutolewa na Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, pamoja na takwimu za urari wa malipo, yaani hesabu ya miamala ya nchi na watu wa nje katika kipindi fulani. La nchi nyingine utalipata kwenye hifadhi ya takwimu ya Shirika la Fedha Duniani, IMF, bila malipo.
- Pato la Taifa la mwaka huohuo, kwa bei za sasa. Usichukue lile lililoondolewa mfumuko wa bei.
- Bei ya dola siku ya mwisho ya kipindi unachosoma. Benki Kuu ya Kenya huitangaza.
- Karatasi na kikokotoo, au lahajedwali kwenye simu.

Huhitaji digrii. Hesabu yote ni kujumlisha, kutoa na kugawanya.

Hatua ya 1: Andika tarehe juu ya karatasi

Watu huidharau hatua hii kwa sababu ni fupi. Nafasi halisi ni hesabu ya siku moja, kwa kawaida siku ya mwisho ya robo au ya mwaka. Andika "31 Desemba" na mwaka wake. Chini yake chora safu mbili: kushoto mali za nje, yaani vyote ambavyo wakazi wa nchi wanamiliki au wanadai kwa watu wa nje, kulia dhima za nje, yaani vyote ambavyo watu wa nje wanamiliki au wanadai ndani ya nchi. Toa ya kulia kwenye ya kushoto. Kinachobaki ndicho nafasi halisi.

Chama cha akina mama cha Umoja hufanya hesabu hiyohiyo mwisho wa mwaka: tumewakopesha watu kiasi gani, sisi tunadaiwa kiasi gani, tofauti ni nini. Michango ya kila mwezi huandikwa ukurasa mwingine.

Onyo: mauzo ya chai na maua, bei ya mafuta tunayoagiza, na fedha zinazotumwa na Wakenya walio ng'ambo ni mambo ya kipindi, si ya siku moja. Hayo yamo katika urari wa malipo. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na hutaona mstari wa fedha hizo katika jedwali hili hata ukilitafuta usiku kucha. Athari yake ipo, kwa maana bila fedha hizo nchi ingelazimika kukopa zaidi, lakini athari hiyo huonekana kupitia mistari mingine.

Hatua ya 2: Amua nani ni mkazi

Hapa ndipo kazi ilipo. Kaa nayo mpaka ikuingie, kwa sababu nusu ya makosa yote hutoka hapa.

Jedwali hili haliulizi pasipoti. Linauliza mtu au kampuni ina makao yake ya kiuchumi wapi. Kanuni ya kawaida ni mwaka mmoja: ukiishi au ukikusudia kuishi mahali kwa mwaka mmoja au zaidi, wewe ni mkazi wa pale. Kwa hiyo nesi Mkenya aliyehamia Leeds miaka minne iliyopita si mkazi wa Kenya kwa hesabu hii, na akaunti yake ya Uingereza si mali ya Kenya. Mfanyabiashara Mhindi mwenye duka Ngara na aliyekaa hapa miaka kumi ni mkazi wa Kenya, hata kama ana pasipoti ya India. Akiweka amana Mumbai, hiyo ni mali ya nje ya Kenya.

Kuna wanaoenda kinyume na kanuni hiyo. Mwanafunzi aliyeenda kusoma nje hubaki mkazi wa nchi alikotoka, hata masomo yakichukua miaka mitano. Mgonjwa aliyeenda kutibiwa pia. Mwanadiplomasia hubaki mkazi wa nchi iliyomtuma.

Nairobi ina mfano mgumu unaostahili nafasi yake. Ofisi za Umoja wa Mataifa ziko Gigiri, lakini shirika lenyewe si mkazi wa Kenya wala wa nchi nyingine yoyote. Basi likiwa na akaunti katika benki ya Nairobi, amana hiyo ni dhima ya nje ya Kenya, ingawa benki na ofisi ziko mwendo mfupi kwa matatu. Mkenya aliyeajiriwa pale ni mkazi wa Kenya kama jirani yake yeyote. Hata mfanyakazi wa shirika hilo aliyetoka Peru, akiishi Runda zaidi ya mwaka, anahesabiwa mkazi wa Kenya.

Sasa ardhi. Ploti ya Kitengela haiwezi kubebwa kupelekwa Texas. Binamu yako wa Dallas akiinunua, watakwimu huifanya kama kuna kampuni ndogo ya Kenya inayomiliki ploti ile, naye anamiliki kampuni hiyo kutoka nje. Ununuzi wake unaandikwa kuwa uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje, upande wa dhima. Wengi hukataa kuamini hili mwanzoni, kwa kuwa wanamwona binamu kuwa mtu wa nyumbani. Ni wa nyumbani kweli, ila mkazi wa Marekani.

Onyo: usidhani bondi ya shilingi ni deni la ndani na bondi ya dola ni deni la nje. Serikali yetu huhesabu deni la ndani kwa kuangalia limetolewa katika soko gani. Jedwali hili huangalia nani anashika hati. Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu yenye riba ya karibu asilimia 18.5, na wawekezaji wa kigeni walivutiwa nayo. Sehemu waliyonunua wao ni dhima ya nje, japokuwa kila senti ni shilingi. Kwa upande mwingine, benki ya Nairobi ikinunua Yurobondi ya Kenya, sehemu hiyo haimo katika dhima za nje kabisa. Mkazi anamdai mkazi.

Hatua ya 3: Panga kila kitu katika mafungu matano

Mwongozo wa IMF unaotumiwa na nchi nyingi, toleo la sita la mwaka 2009, hugawa mali na dhima kwa mafungu matano. Toleo la saba lilitoka 2025, na mafungu makuu ni yaleyale.

1. Uwekezaji wa moja kwa moja. Mwekezaji ana angalau asilimia 10 ya kura katika kampuni. Kundi la Vodafone na Vodacom liliingia Safaricom kupitia kampuni iliyoshika asilimia 40 ya hisa. Hiyo ni dhima ya Kenya ya aina hii. Upande wa mali kuna benki zetu: KCB ilinunua benki ya TMB nchini Kongo mwaka 2022, na Equity ina benki Uganda, Rwanda, Tanzania, Sudan Kusini na Kongo.
2. Uwekezaji wa hisa na bondi chini ya asilimia hiyo 10. Mfuko wa London wenye asilimia 2 ya Safaricom kupitia soko la hisa la Nairobi umo hapa. Kampuni ni ileile, fungu ni jingine. Yurobondi pia ziko hapa.
3. Mikataba ambayo thamani yake hutegemea bei ya kitu kingine, kama ile ya kujikinga na mabadiliko ya bei ya dola. Kwa Kenya ni kidogo. Pita haraka.
4. Uwekezaji mwingineo. Jina linadanganya, maana katika nchi kama yetu hili ndilo fungu zito upande wa dhima. Limebeba mikopo mingi: ya Benki ya Dunia, ya IMF, ya Benki ya Exim ya China iliyojenga reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Limebeba amana za watu wa nje katika benki zetu. Limebeba pia bidhaa zilizochukuliwa kwa mkopo. Tangu 2023 mafuta yetu yamekuwa yakiagizwa kwa mpango wa serikali kwa serikali wenye muda wa siku 180 wa kulipa. Mafuta yakishafika na kabla hayajalipwa, deni lake limo hapa.
5. Akiba rasmi ya fedha za kigeni, inayoshikwa na Benki Kuu. Hii ni mali peke yake, haina upande wa dhima. Sheria inaitaka Benki Kuu ijitahidi kuwa na akiba ya kutosha kuagiza bidhaa kwa miezi minne, na kiasi kilichopo hutangazwa kila wiki.

Hatua ya 4: Jumlisha, kisha toa

Chukua nchi ya mfano, namba zikiwa mabilioni ya dola. Nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Usizinukuu kama za nchi yoyote.

Mali: uwekezaji wa moja kwa moja 6, hisa 2, bondi 2, mikopo na amana 10, akiba rasmi 10. Jumla 30.

Dhima: uwekezaji wa moja kwa moja 18, hisa 3, bondi 9, mikopo na amana 40. Jumla 70.

Nafasi halisi ni 30 kutoa 70, yaani hasi 40. Pato la Taifa la nchi hii likiwa 100, nafasi halisi ni hasi asilimia 40 ya pato.

Onyo: usiitupe karatasi yenye safu mbili baada ya kupata jibu. Nchi yenye mali 30 na dhima 70, na nchi yenye mali 960 na dhima 1,000, zote mbili zina hasi 40. Maisha yao hayafanani hata kidogo. Bei zikiyumba kwa asilimia tano, ya pili inaweza kupoteza au kupata mara nyingi zaidi ya ya kwanza.

Hatua ya 5: Tenganisha umiliki na deni

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mwenye hisa hulipwa kampuni ikipata faida. Isipopata, halipwi, wala hakuna wa kumshtaki. Mwenye bondi au mkopo hulipwa tarehe iliyoandikwa, mvua inyeshe isinyeshe. Jedwali linajumlisha wote pamoja, kwa hiyo kazi ya kuwatenganisha ni yako.

Katika nchi yetu ya mfano, tuchukulie uwekezaji wa moja kwa moja wote ni hisa. Umiliki: mali 8, dhima 21, tofauti ni hasi 13. Deni na akiba: mali 22, dhima 49, tofauti ni hasi 27. Ukijumlisha unarudi kwenye hasi 40, na hapo unajua hujakosea. Sasa una habari. Theluthi mbili ya hasi ni deni la kulipwa kwa tarehe.

Ireland ina dhima kubwa mno kwa kulinganisha na ukubwa wake, na sehemu nzito inatokana na kampuni za kimataifa zilizoweka makao pale. Ugiriki, Ureno na Uhispania nazo zilikuwa na hasi iliyokaribia au kupita asilimia 90 ya pato wakati msukosuko wa madeni wa Ulaya ulipoanza mwaka 2009 na 2010. Hizo zilidaiwa zaidi mikopo na bondi. Wakopeshaji walipoogopa, hapakuwa na mahali pa kujificha.

Ukiwa hapa, weka alama kwenye kila deni: ni la sarafu gani, na linaiva lini. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilibadilisha mikopo ya reli kutoka dola kwenda yuan. Siku ya kubadilisha, nafasi halisi haikusogea kwa sababu hiyo. Mdai ni yuleyule na kiasi ni kilekile. Kilichobadilika ni riba, na sarafu ambayo tunapaswa kuiangalia kila asubuhi.

Hatua ya 6: Jua kwa nini namba imebadilika

Chukua jedwali la mwaka jana na la mwaka huu. Tofauti kati yake hutoka sehemu nne tu: miamala, bei, thamani ya sarafu, na mabadiliko mengine kama deni kusamehewa au data kurekebishwa.

Turudi kwenye nchi ya mfano. Ilianza na hasi 40. Mwaka huo ilitumia nje dola bilioni 5 zaidi ya ilizopata, ikakopa kujazia. Hiyo ni hasi 5. Soko lake la hisa likashuka, hisa za wageni zikapoteza 1.5. Hiyo ni chanya 1.5, kwa sababu wanachomiliki kwetu kimepungua thamani. Sarafu yake ikadhoofika kwa asilimia 10, na hisa za wageni zilizobaki, ambazo zinahesabiwa kwa sarafu ya nyumbani, zikapungua karibu 2 kwa dola. Chanya 2. Mkopeshaji mmoja akasamehe 0.5. Mwisho wa mwaka: hasi 41.

Msomaji wa haraka atasema nchi hii ilijizuia vizuri, imeshuka kwa bilioni moja tu. Wewe unajua zaidi. Ilikopa bilioni tano, na kilichoficha mkopo huo ni kuanguka kwa kampuni zake na kwa sarafu yake. Hiyo si habari njema. Mwaka 2023 bei za hisa za Nairobi zilishuka sana, na kwa hesabu hii peke yake ile ilikuwa nafuu kwa nafasi halisi. Waliouza hisa zao mwaka ule hawakuona nafuu yoyote.

Sarafu inahitaji jicho la pekee. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikatulia karibu na 129. Yurobondi ya dola bilioni 1.5 kwa bei ya 160 ni shilingi bilioni 240. Kwa 129 ni bilioni 193.5. Bilioni 46.5 zimeondoka kwenye karatasi na hakuna aliyelipa hata shilingi. Ukiipima kwa dola, bondi ileile haikubadilika, lakini hisa za shilingi wanazomiliki wageni zilipanda. Kwa hiyo jedwali la shilingi na jedwali la dola la mwaka uleule yanaweza kusimulia hadithi tofauti, na yote mawili ni sahihi. Chagua sarafu moja na ubaki nayo hadi mwisho.

Onyo kubwa, na nalisema kwa sababu kila Yurobondi hulifufua: kukopa kwenyewe hakuongezi hasi siku ile ile. Februari 2024 Kenya iliuza bondi ya dola bilioni 1.5 na kuitumia zaidi kununua tena sehemu ya ile ya bilioni 2 ya mwaka 2014 iliyokuwa inaiva Juni. Dola zilipoingia, akiba na dhima zilipanda pamoja. Zilipotoka kulipa, zilishuka pamoja. Nafasi halisi ikabaki karibu palepale. Nchi husogea kwenye hasi pale fedha zilizokopwa zinapotumika kununua vitu kutoka nje. Suala la riba ya bondi mpya ni zito, na huonekana Hatua ya 8.

Mfano mwingine wa namna hiyo: Agosti 2021 IMF iligawia wanachama wake haki maalum za kutoa fedha (SDR, aina ya akiba ambayo IMF yenyewe huitoa) zenye thamani ya dola bilioni 650 hivi, na Kenya ikapata zaidi ya dola milioni 700. Magazeti yaliandika kuwa akiba imeongezeka, na ni kweli. Lakini mgawo huo huandikwa pia upande wa dhima. Nafasi halisi haikubadilika.

Hatua ya 7: Gawanya kwa Pato la Taifa, kisha linganisha kwa uangalifu

Namba tupu haisemi kitu mpaka uigawanye kwa ukubwa wa uchumi. Umoja wa Ulaya umeweka hasi asilimia 35 ya pato kuwa alama ya kuanza kuichunguza nchi mwanachama. Ni alama ya kuchunguza, wala si hukumu, na iliwekwa kwa ajili ya nchi za kule. Itumie kama kipimo cha kukuamsha tu.

Linganisha Kenya na nchi zinazofanana nayo kwanza: Uganda, Tanzania, Ghana, Senegali. Nchi changa inayojenga barabara na mitambo ya umeme huwa na nafasi hasi kwa kawaida, kwa kuwa inatumia akiba ya wengine. Kenya ni hasi. Kinachostahili mabishano ni hizo fedha zimejenga nini, na je, kilichojengwa kitaleta dola za kulipia?

Kisha tazama walio mbali. Japani iliongoza dunia kwa nafasi chanya kwa miaka 33 mfululizo. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa na yeni trilioni 533, kiwango cha juu kabisa katika historia yake hadi wakati huo, na bado Ujerumani ikaipita. Marekani, mwishoni mwa mwaka uleule, ilikuwa hasi karibu dola trilioni 26.

Hatua ya 8: Angalia nani anamlipa nani

Sasa fungua urari wa malipo na utafute mapato ya msingi: faida, gawio na riba zinazoingia na kutoka. Hapa ndipo nafasi halisi inapogusa mfuko.

Marekani imekuwa hasi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipokea mapato mengi kuliko iliyolipa. Sababu ni kwamba wakazi wake wanamiliki kampuni za nje zenye faida nene, ilhali wageni wengi wanashika bondi za serikali yake zenye riba ndogo. Tena deni lake liko katika dola, sarafu inayoichapisha yenyewe. Ndiyo maana hasi yake haiwezi kutumiwa kumfariji mtu wa Nairobi. Sisi akiba yetu rasmi tunaiweka kwenye hati salama za riba ndogo, na Yurobondi ya Februari 2024 inalipa asilimia 9.75 kila mwaka. Kenya hulipa nje zaidi ya inavyopokea.

Gawanya malipo ya nje ya mwaka kwa jumla ya dhima. Utapata kiwango cha wastani tunacholipa. Fanya vivyo hivyo kwa mapato na mali. Pengo kati ya viwango hivyo viwili, ukilifuatilia miaka kadhaa, litakuambia mengi kuliko nafasi halisi peke yake.

Ukikwama

*Jumla yangu hailingani na ya jedwali.* Angalia kwanza kama umechanganya milioni na bilioni, au shilingi na dola. Kisha angalia tarehe: hesabu za Hazina ya Taifa hufunga 30 Juni, za nafasi halisi kwa kawaida 31 Desemba.

*Deni la nje la serikali ni dogo kuliko dhima nilizopata.* Ndivyo inavyotakiwa. Deni la serikali ni kipande tu. Dhima zina benki, kampuni, na hisa ambazo si deni. Juni 2024 deni la umma lilikuwa takriban shilingi trilioni 10.6, na karibu nusu yake ni la nje. Ni nusu hiyo, ikirekebishwa kwa kanuni ya Hatua ya 2, inayoingia kwenye jedwali.

*Namba ya mwaka juzi imebadilika katika ripoti mpya.* Uwekezaji wa kampuni hupatikana kwa kuziuliza kampuni kupitia utafiti, na majibu huchelewa. Tumia toleo jipya kwa miaka yote. Usishone mwaka mmoja wa ripoti ya zamani na mwingine wa ripoti mpya.

*Nakisi ya mwaka, yaani kiasi nchi ilichotumia nje zaidi ya ilichopata, ni bilioni 5 lakini nafasi imeshuka kwa 8.* Rudi Hatua ya 6, tafuta bei na sarafu. Kama bado kuna pengo, tazama mstari wa makosa na yaliyosahauliwa katika urari wa malipo. Ukiwa mkubwa mwaka baada ya mwaka, upande mmoja uleule, kuna fedha zinazopita bila kuandikwa, na hapo hoji takwimu zenyewe kabla ya kuandika makala.

*Alama za kutoa na kujumlisha zimenichanganya.* Majedwali mengine huandika ongezeko la mali kama hasi, kwa kuwa fedha zimetoka nchini. Mwongozo wa 2009 huandika ongezeko la mali na la dhima yote kama chanya, kisha hutoa. Soma maelezo madogo chini ya jedwali. Kama hayapo, tafuta mwaka ambao una hakika akiba rasmi iliongezeka, uone mstari huo umeandikwa kwa alama gani.

*Sioni dhahabu.* Vipande vya dhahabu vya benki kuu vimo ndani ya akiba rasmi, na ndiyo mali pekee ya jedwali hili isiyo na mdaiwa upande wa pili. Dhahabu ya sonara wa Biashara Street ni bidhaa tu, haihesabiwi.

*Nimeulizwa kama ng'ambo wameinunua Kenya.* Fungua karatasi ya Hatua ya 5 na umwonyeshe muulizaji mistari miwili: dhima za umiliki upande mmoja, dhima za deni upande mwingine. Mwambie ataje ni upi unaomtia wasiwasi, kisha endeleeni kutoka hapo.